Mwongozo kamili wa kupiga picha za harusi Mbeya na Nyanda za Juu Kusini: anza na wazee

Miaka sita iliyopita nilipiga harusi moja Rungwe, picha zaidi ya elfu moja na mia tano. Maharusi walizipenda, wakamaliza deni bila kusumbuana, wakaniletea wateja wengine wawili. Miezi minne baadaye bwana harusi akanipigia simu. Bibi yake mzaa baba alikuwa amefariki, na familia ilikuwa inatafuta picha yake ya kuweka msibani. Nikapekua faili zote usiku kucha. Nilimwona mara tatu tu: mara moja mgongo wake kanisani, mara moja nusu ya uso wake nyuma ya bega la mpiga tarumbeta, na mara moja mkono wake ukipokea sahani. Siku ile ya harusi, saa kumi jioni mvua ilianza, bibi miguu ikamuuma, wakampandisha kwenye Noah kumrudisha nyumbani. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye mashamba ya chai na maharusi, natafuta pozi.

Tangu hapo nimepanga upya siku yangu yote ya kazi. Mwongozo huu ni kwa kijana anayeanza kupiga harusi huku kwetu, na hata kwa aliyezoea ambaye bado anaacha picha ya wazee iwe ya mwisho.

Kikao cha kwanza

Usikutane na maharusi peke yao. Omba namba ya mwenyekiti wa kamati, ya mhazini, na ya mtu mmoja kila upande anayejua sura na majina ya ukoo. Mara nyingi huyo ni shangazi au mama mdogo, na siku ya harusi atakufaa kuliko msaidizi yeyote wa kulipwa.

Kisha uliza swali hili, kwa upole lakini bila kuzunguka: ni wazee gani ambao lazima wapate picha, wana umri gani, wanatembea vizuri, wanatoka wapi na watarudi saa ngapi? Andika majina. Kila mara ninapouliza hivi, bibi harusi ananyamaza kidogo, halafu anaanza kutaja watu ambao hakuwa amewafikiria. Orodha hiyo ndiyo inayoongoza ratiba yako.

Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: saa ya kuanza na kumaliza, picha ngapi zilizohaririwa, lini utakabidhi, nani anagharamia usafiri na malazi kama harusi iko Kyela au Makete. Malipo mimi nagawa mara tatu: nusu ya kushika tarehe, sehemu ya pili wiki moja kabla, na salio la mwisho liwe dogo. Sababu ni rahisi. Baada ya harusi kuna kikao cha kuvunja kamati, na kamati ikishavunjwa hakuna mhazini wa kumdai. Utabaki unawadai wanandoa wapya, na hao wana mengi ya kulipa.

Weka pia kifungu kinachosema kama unaruhusiwa kuweka picha zao mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Zaidi ya sheria, ni heshima. Picha za watoto siweki kabisa mpaka mzazi mwenyewe aseme.

Ratiba ihesabiwe kuanzia jua linapozama

Wengi wanapanga ratiba kuanzia saluni kwenda mbele. Wewe panga kuanzia jua kurudi nyuma. Mbeya ipo magharibi ya Dar es Salaam, na kwa kuwa saa yetu ni moja, jua letu linazama kama dakika 20 hivi baadaye. Mwezi Juni ni saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Mwishoni mwa Desemba linafika saa moja. Lakini ukiwa mjini Mbeya, milima inaweza kulimeza kabla ya hapo, kwa hiyo nenda pale unapotaka kupigia siku mbili kabla, saa ileile, usimame na saa mkononi.

Kama mwanga mzuri unaanza saa kumi na moja, basi maharusi watoke kwenye picha za familia saa kumi na nusu, na ibada iishe saa tisa. Hapo utaona kama ibada iliyopangwa saa nane inawezekana. Mara nyingi haiwezekani, na ni bora kuwaambia mapema. Ndoa za kanisani hutangazwa majuma matatu kabla, kwa hiyo muda wa kuzungumza upo.

Msimu nao una sura yake. Kwaresma harusi za kanisani husimama. Baada ya Pasaka zinaanza tena, na kuanzia Juni, mavuno yakiwa ndani, kila Jumamosi ina harusi. Ni miezi mikavu lakini ya baridi kali. Tukuyu usiamini mwezi wowote: mvua inanyesha hata wakati mjini Mbeya kuna vumbi.

Vifaa, na baridi yetu

Kamera mbili. Sijali ni za aina gani, ila ziwe mbili, na angalau moja iwe na nafasi ya memori kadi mbili zinazoandika kwa pamoja. Kadi ya harusi moja iliwahi kunifia mkononi, na nakala ya kadi ya pili ndiyo iliyoniokoa. Lenzi ya milimita 24 hadi 70 na nyingine ya 85 zinatosha kuanzia. Ukipata ya 70 hadi 200 kanisani utapumua. Flashi mbili, stendi moja, mwavuli mweupe, na turubai dogo la plastiki la kufunika begi.

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Juni na Julai Uyole na Makete kuna asubuhi zenye sakitu kwenye majani, na betri uliyoichaji usiku ikajaa inaweza kuonyesha nusu baada ya muda mfupi. Mimi naziweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Iliyoonekana kuisha, ipashe moto kidogo mfukoni. Mara nyingi inarudi na kukupa picha kadhaa zaidi.

Jambo la pili ni ukungu kwenye lenzi. Kutoka Tukuyu kushuka Kyela na Matema unateremka karibu mita elfu moja, kutoka kwenye ubaridi hadi kwenye joto lenye unyevu la Ziwa Nyasa. Kamera baridi ukiitoa ghafla inalowa kama glasi ya soda ya friji. Vivyo hivyo unapotoka nje usiku wa Julai na kuingia ukumbi wenye watu mia nne. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, iache kama nusu saa ipate joto la mahali, ndipo uifungue. Usifute ukungu kwa shati.

Asubuhi: wazee kwanza

Kwa desturi mpiga picha anakwenda saluni saa kumi na mbili asubuhi. Mimi namtuma msaidizi wangu huko na kamera ya pili, apige gauni, viatu, pete, mkono wa mpambaji. Mimi nakwenda nyumbani, walikolala wazee.

Nyumba ya wazazi asubuhi ya harusi inachemka. Masufuria makubwa uani, vijana wanashusha viti, mtu anatafuta chaji ya simu. Bibi amekaa pembeni, kwa sababu hakuna anayemtuma kitu. Nenda kwake bila kamera. Piga goti kidogo, "Shikamoo bibi." Ukijua "Ugonile" kwa Mnyakyusa au "Kamwene" kwa Mhehe na Mbena, itumie, uso utafunguka hapohapo. Keti naye dakika tano. Muulize huyu anayeolewa alikuwaje akiwa mtoto. Ndipo useme umetumwa kumpiga picha.

Usimpeleke juani. Muweke mlangoni, ndani ya kizingiti, uso ukitazama nje. Mwanga wa mlango wazi ni mlaini, unakuja kutoka upande mmoja, na nyuma yake chumba chenye giza kinaficha makochi na mabegi. Zima taa ya ndani, isije ikaleta rangi ya njano upande mmoja wa uso. Lenzi ya 85, mwanya (f) wa 2.8, kasi ya shuta isipungue 1/160 ya sekunde kwa sababu mikono ya wazee hutetemeka. Mwache avae anavyotaka. Bibi mmoja wa Busokelo alikataa gauni jipya alilonunuliwa na wajukuu; akafungua sanduku, akatoa kitenge alichovaa siku ya ubatizo wa mama yake bibi harusi, akajifunga polepole, fundo la kwanza, fundo la pili, akakipangusa magotini kwa kiganja. Nilipiga mikono ile peke yake. Ni picha ndogo, na ndiyo mama yake bibi harusi aliyoiomba kwanza.

Kisha lete mjukuu. Kama bibi harusi anapambiwa mbali, panga njia ya kwenda kanisani ipite nyumbani, hata kwa dakika kumi, ili amkute bibi akiwa bado ana nguvu. Wazee wengi wanachoka kabla ya keki. Hizo dakika kumi ziandike kwenye ratiba, na mpe nakala dereva, MC na mwenyekiti wa kamati.

Kanisani

Iwe Moravian, KKKT, Katoliki au Pentekoste, kutana na mchungaji, padri au mzee wa kanisa kabla ya siku. Uliza maswali mawili: naruhusiwa kufika wapi, na flashi inakatazwa wakati gani. Ukiheshimu hayo utapewa nafasi nzuri kuliko yule anayepanda madhabahuni bila kuuliza. Kwa ndoa ya Kiislamu uliza pia upande wa wanawake. Mimi ni mwanamke na naingia. Kama wewe ni mwanamume, mtafute dada mwenye kamera kwa sehemu hiyo.

Taabu kubwa ya kanisani ni gauni jeupe, suti nyeusi na ngozi zetu, vyote kwenye fremu moja. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Ikiona suti inaongeza, na gauni linapoteza nyuzi zake. Pima mwanga usoni. Gauni likijaza fremu, ongeza kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kama theluthi mbili hadi moja nzima. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, ili uweze kurudisha weupe wa gauni baadaye. Makanisa yenye mabati ya kupitisha mwanga huwa na vipande vya mwanga mkali sakafuni; mwombe mpambaji asogeze viti vya maharusi hatua moja nje ya vipande hivyo. Ameshanikubalia kila mara nilipoomba siku moja kabla, na hajawahi kukubali nilipoomba siku yenyewe.

Kiapo, pete, saini. Simama upande ambao utaona uso wa anayevishwa pete, siyo wa anayevisha. Wakati wa kusaini cheti, wasimamizi wote wawili waonekane. Na mara pete ikishaingia, geuza kamera kwa wazazi. Una sekunde tatu.

Picha ya familia

Hapa ndipo harusi nyingi zinapoharibikia picha. Ibada imeisha, matarumbeta yanapiga juu ya pikapu, watu mia mbili wanataka kusimama na maharusi kwa pamoja. Usianze na marafiki. Mwite shangazi uliyechukua namba yake, mpe orodha, asome kwa sauti. Wazee wakae kwenye viti mstari wa mbele, kila mmoja ameshikwa mkono na mtu wa kumleta na kumrudisha. Ukoo wa bibi harusi, ukoo wa bwana harusi, kisha wote. Hii ni dakika 25 ukijipanga, saa nzima usipojipanga.

Sasa jambo la desturi. Kwa Wanyakyusa, mkamwana kwa asili hamkaribii baba mkwe wake: hawakai pamoja, hata kutazamana uso ni kukosa adabu. Familia nyingi za mjini zimelegeza, nyingine bado wanashika. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimshika bibi harusi mkono nikamweka bega kwa bega na baba mkwe, ili mstari ukae sawa. Wote wawili walikakamaa. Mzee akatazama chini, bibi harusi akatazama pembeni, na nilipiga picha tano ambazo hakuna hata moja yenye raha. Shangazi ndiye aliyenivuta kando. "Mwanangu, hapo umewafunga wote wawili."

Nikawapanga upya: bibi harusi upande wa mama mkwe, bwana harusi katikati, mzee upande wa pili wa mwanawe. Nyuso zikarudi. Siku hizi nauliza kwenye kikao cha kwanza, na nikiwa sina uhakika naweka mtu katikati. Kila kabila la huku lina mambo yake. Uliza, na usimhukumu anayefuata wala anayeacha.

Kama mnapigia chini ya hema, tazama rangi ya turubai. La bluu linapaka nyuso za watu wote bluu, na hakuna programu itakayokusafishia watu 40 kwa usawa. Watoe nje, kwenye kivuli cha jengo.

Maharusi peke yao

Dakika 40 zinatosha. Mashamba ya chai Tukuyu yanapendeza, ila majani yanarudisha ukijani chini ya kidevu. Simamisha maharusi kwenye njia ya udongo, siyo katikati ya michai. Msitu wa misonobari wa Kawetire, barabara ya kwenda Chunya, una mwanga wa mistari saa kumi na moja na baridi ya kweli, kwa hiyo beba shali ya kumfunika bibi harusi kati ya picha na picha. Kitulo maua yanachanua kati ya Desemba na Aprili, lakini ni hifadhi ya taifa: fuata taratibu za TANAPA kabla, na ujue kwamba hiyo ni safari ya siku yake, haiingii Jumamosi ya harusi. Matema ni hivyohivyo. Droni ina vibali vyake kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga; usiirushe kwa sababu tu mteja ameomba.

Mawingu ya Rungwe usiyalalamikie. Anga lote linakuwa taa moja kubwa laini, na ngozi nyeusi inang'aa vizuri chini yake bila madoa ya jua. Beba leso safi ya kufuta jasho la paji la uso. Poda ya ziada itaonekana nyeupe kwenye flashi.

Ukumbini

Flashi wengi wanairusha darini ili mwanga ushuke laini. Kumbi zetu dari limefunikwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha zambarau kitashusha mwanga wa zambarau. Weka flashi moja kwenye stendi pembeni ya jukwaa na mwavuli mweupe, nyingine kwenye kamera kwa nguvu ndogo. Taa za LED nazo huacha mistari kwenye picha ukitumia shuta ya kielektroniki. Tumia ya kawaida, kasi ya 1/100 au 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50.

Kaa na MC dakika mbili kabla hajaanza. Akubali kukutazama kabla ya keki, kabla ya shampeni na kabla ya kuita zawadi. Wakati wa kulishana keki, picha bora ni ya mama akilishwa. Kwenye zawadi usipige kabati na friji. Piga wale akina mama wanaokuja wakicheza na vitenge mabegani.

Usiku uleule, na baada yake

Usilale kabla hujanakili. Picha elfu moja na mia tano za RAW kwenye kamera ya megapikseli 24 ni kama gigabaiti 40. Ziweke kwenye diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Kadi usizifute mpaka umekabidhi kazi.

Siku ya pili tuma picha 20 zilizosafishwa rangi. Kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, kwa sababu ukizituma kama picha zinapunguzwa na mteja atadhani kazi yako ina ukungu. Zilizobaki, 400 au 500, ndani ya mwezi. Toa zilizojirudia bila huruma, ila ya mzee usitoe hata kama amefumba jicho, kama ndiyo pekee aliyonayo.

Halafu kuna kusafisha picha kwenye karatasi, na hapa sikubali punguzo. Simu hupotea, flashi diski hufa, na wazee wengi hawana hata hiyo simu. Kwenye bei yangu kuna picha kumi za inchi 8 kwa 12, ambazo zinahitaji pikseli 2400 kwa 3600 ili zitoke safi, na kati ya kumi hizo angalau nne ni za wazee. Nyuma ya kila moja naandika majina, kijiji na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, naacha ikauke kabla ya kuzipanga.

Yule bibi wa Busokelo nilimpelekea mwenyewe. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaifunika na khanga. Kisha akauliza nakala ya mdogo wake aliyeko Kyela iko wapi. Sikuwa nayo. Nilirudi mjini, nikaisafisha, nikamkabidhi kondakta wa basi la Kyela Jumatatu. Sasa kila picha ya mzee naisafisha nakala mbili.